Wifi ametia kufuli kwenye jabia, na bustani yangu inakauka

SWALI

Bi Mshauri, asalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Jina naomba lisitoke. Wifi yangu ni msomaji wako mkubwa, na nikijulikana nitakosa pa kuuweka uso wangu.

Niliolewa hapa mapema 2023 nikitokea Amu mjini, yaani mji wa Lamu. Ua wetu una nyumba tatu: yetu, ya shemeji yangu mkubwa na mkewe, na ya mavyaa, mama wa mume wangu, anayeishi na wifi yangu na watoto watatu wa wifi. Wifi aliachika, akarudi kwao 2021. Sote ni watu 11 na tunategemea jabia moja, hodhi la kukingia maji ya mvua, alilolijenga baba mkwe, Mungu amrehemu. Kisima tunacho, lakini maji yake ni ya kufulia na kuogea. Ukiyapikia chai hata sukari haisaidii.

Mwisho wa mwaka ule ule ikaja mvua ya El Nino, nawe unakumbuka ilivyokuwa. Jabia lilijaa mpaka maji yakatiririka uani. Barabara ya Garsen ikakatika, mboga za bara zikawa za kutafutwa kwa tochi. Mimi nilikuwa nimetia mbegu za mchicha na nyanya nyuma ya jiko, kwa kujifurahisha tu. Bi Mshauri, hakuna kilichokataa. Nyanya nilichuma beseni kwa beseni, majirani wakawa wanabisha hodi kuja kununua. Hapo ndipo niliposema nami nina kazi yangu. Nikapanua mpaka matuta manne, nikazungushia nyavu kuukuu za mume wangu kuzuia mbuzi na kuku, nikawa natafuta samadi ya punda kijiji kizima mpaka watoto wakanitania.

Mwaka huu mambo yamenigeuka. Masika yalichelewa, yakaja kwa kishindo usiku mmoja yakalaza miche, kisha mbingu ikakauka. Bamia zimekubali vizuri sana, nachuma leo na kesho kutwa nachuma tena. Mchicha nauza fungu shilingi 20 na watu wanawekesha kabla sijang'oa. Kunde nakula majani na kuuza. Lakini nyanya! Zilichanua, zikafunga matunda, nami nikaanza kupiga hesabu. Halafu kila tunda likikaribia kuiva, chini yake panaingia doa jeusi, limebonyea, gumu, ukilibonyeza kwa kidole halipasuki. Hoho zilipukutisha maua yote. Vitunguu viliungua ncha mpaka vikalala. Matango yalikuwa machungu, hata mbuzi alinusa akaenda zake. Mbegu nilizinunua duka la pembejeo huko mjini, na nina hakika niliuziwa mbegu mbovu.

Sasa maji. Kisima peke yake hakifai kwa mboga, chumvi yake inaonekana kwa macho: udongo kando ya mashina umeingia ukoko mweupe. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nachota mitungi miwili ya lita 20 jabiani, mmoja alfajiri na mmoja jioni, na pengine nikichoka namalizia kwa maji ya kisima. Sikuiba. Mavyaa mwenyewe aliniambia, "Chota mwanangu, maji hayana mwenyewe." Na mboga anakula yeye, anakula wifi, wanakula watoto wa wifi. Sijawahi kuwatoza hata senti.

Mwezi uliopita nikaamka nikakuta kifuniko cha jabia kimetiwa kufuli. Ufunguo anao wifi. Nilipomuuliza akanijibu mbele ya watoto, "Maji haya ni ya kunywa watu, si ya kunyweshea biashara za watu." Siku hizi anafungua asubuhi, kila nyumba inachota ya kunywa na ya kupikia, anafunga. Mavyaa amenyamaza. Shemeji anasema hayo ni mambo ya wanawake, na mkewe anasema hataki kuingizwa. Mimi naona ni wivu tu. Yeye hana kipato, mimi nimeanza kushika shilingi, roho inamuuma.

Mume wangu ni mvuvi. Ananiambia niiache bustani, mboga atanunua. Lakini kusi likivuma wiki nzima mashua haitoki, atanunua kwa pesa gani? Mwaka jana kusi lilipokaza ni bamia zangu zilizonunua unga. Katika kuuza nimeweka shilingi 16,000. Nataka tangi la lita 1,000 nikinge maji ya paa langu la mabati, niwe na maji yangu. Nimeulizia, pesa hizo zinatosha pamoja na mfereji wa paa na gharama ya kulivusha kwa boti. Mume wangu anazitaka zikatengeneze mashine ya mashua, anasema mashine ikipona tutakula sote.

Na kuna la tatu. Mjomba wangu yuko Hindi, huko bara ya Lamu, ana ekari mbili zimelala. Ameniambia niende na watoto nikalime kule msimu mmoja. Hili sijamwambia mume wangu.

Je, niiache bustani nipate amani? Nimdai wifi haki yangu ya jabia? Ninunue tangi? Au niende Hindi? Nimefika mahali nikiona mchicha nataka kulia.

Na swali dogo: wiki ya ugomvi sikuwa na hamu ya kuchuma, bamia nyingi zikakomaa zikawa ngumu mtini. Nizitupe au zinafaa kwa mbegu?

Mama wa Uani, Pate

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullah, dadangu. Umeniuliza maswali manne, lakini nikiyasikiliza nasikia mambo matatu yaliyosukana: mboga ambazo nusu zimekubali na nusu zimekataa, maji ya familia yaliyotiwa kufuli, na pesa zako za kwanza ambazo kila mtu ana mpango nazo. Niache nianze na mboga, kwa sababu nadhani tukielewana hapo, hata kufuli utalitazama kwa jicho jingine kidogo.

Yule mwenye duka mnyime laana yako kwanza. Mbegu mbovu haioti, au huota ikadumaa. Zako zimeota, zimechanua, zimefunga matunda. Doa jeusi gumu lililobonyea chini ya nyanya, lisilo na mdudu ndani, wakulima huliita kuoza kitako. Wala si ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umeshindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda, na mara nyingi hata si kwa kuwa udongo hauna. Ni kwa kuwa maji yamekwenda na kurudi, leo mengi, kesho hakuna. Hebu tazama msimu wako: mvua ya usiku mmoja, kisha ukame, kisha siku hii maji ya jabia na siku ile maji ya kisima kulingana na mgongo wako ulivyochoka. Chumvi nayo humzidishia mmea kazi ya kuvuta anachohitaji. Kwa hiyo ukishauriwa kununua dawa ya kupulizia, tia pesa yako mfukoni. Kata kile kitako, sehemu nzima iliyobaki pika mchuzi, haina neno.

Hoho hupukutisha maua joto likizidi, na nyanya pia. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 24 hivi, maua mengi hayafungi tunda, na kwetu usiku wa kabla ya kusi kuanza unalijua joto lake. Matango huwa machungu kwa jua na kiu. Vitunguu ni wanyonge kabisa mbele ya chumvi, vimo katika kundi moja na maharage. Ule ukoko mweupe ulioona kando ya shina ndio uliounguza zile ncha.

Sasa tazama upande wa pili. Mchicha hupenda joto na huwa tayari kwa wiki tatu au nne, kabla shida haijamfikia. Kunde huvumilia ukavu na chumvi kuliko maharage. Bamia ni mtu wa jua. Kukubali kwao si bahati, ni mboga za pwani. Ulichofanya msimu huu, dadangu, ni kuwanyima wenyeji maji mazuri ukawapa wageni, na wageni hawakushukuru. Nasema hivi bila kukulaumu. Sote tunataka nyanya.

Lakini kuna jambo katika barua yako nililolisoma mara mbili. Ulianza kulima mwishoni mwa 2023. Mwaka ule ndio kipimo chako: maji yamefurika, barabara imekatika, wanunuzi mlangoni. Ule haukuwa msimu wa kawaida wa Pate. Ukiupima kila msimu kwa ule, kila msimu utakuangusha. Na wewe ulifika katika ua huo mapema 2023. Wifi yako alirudi 2021. Katikati hapo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na kaunti ya Lamu haikusazwa. Yeye aliishi katika ua huo na watoto watatu, ametoka katika ndoa, na jabia ni hilo hilo. Sijui alikuta nini ndani yake miezi ile. Nawe sidhani umewahi kumuuliza. Inawezekana mwenzio akitazama kifuniko kile anaona sakafu kavu, wewe unaona maji yanayotiririka uani, na wala hakuna kati yenu anayesema uongo.

Je, wivu haupo? Unaweza kuwepo. Mtu anaweza kuwa na wivu na hofu kwa pamoja, na maneno aliyokutolea mbele ya watoto hayakuwa ya heshima. Lakini ukishaliita jambo lote wivu, umeshafunga mazungumzo, kwa sababu wivu haujibiwi kwa hesabu. Hofu ya maji hujibiwa.

Basi tuipige hesabu. Mitungi miwili kwa siku ni lita 40, yaani lita 1,200 kwa mwezi. Watu 11, kila mmoja akitumia lita 6 za kunywa na za sufuria, ni lita 66 kwa siku, karibu lita 2,000 kwa mwezi. Bustani yako ilikuwa inakunywa zaidi ya nusu ya kinachonywewa na ua mzima. Nakuomba uiseme namba hiyo kwa sauti, peke yako jikoni. Halafu jiulize kama wewe ungekuwa ndiye mwenye kuamka usiku kumpa maji mtoto mwenye homa katika mwezi wa Februari, ungelala vipi. Sisemi kufuli ni sawa. Nasema kuna hesabu nyuma ya kufuli.

Na lile neno la mavyaa, "maji hayana mwenyewe," ni neno la ukarimu, Mungu ampe umri. Ila ukarimu wa mzee mara nyingine hulipwa na mgongo wa mtu mwingine. Nani hufagia sakafu ya jabia kabla ya masika? Nani hushuka ndani kulisugua likikaribia kukauka? Kama ni wifi, basi ruhusa uliyopewa ilikuwa ya kweli lakini haikuwa kamili, na labda ndiyo maana mavyaa sasa amenyamaza. Ananyamaza kati ya binti na mkaza mwana. Usimlazimishe achague, atakayeumia ni yeye.

Haya, njia ulizonazo.

Kuiacha bustani upate amani. Inavutia, kwa wiki mbili. Baada ya hapo kusi litarudi, mashua itavutwa ufukweni, na utakumbuka ule unga. Utamwangalia wifi yako kwa namna ambayo amani haimo. Ila kuipunguza ni jambo jingine, na hili hukuliuliza. Matuta manne yakiwa mawili, ya mchicha, kunde na bamia tu, bila nyanya wala vitunguu mpaka usiku upate nafuu ya kusi, yanahitaji nini? Tuta la mita mraba tano kwenye jua na upepo hunywa kama lita 25 kwa siku. Lakini si lazima lita zote hizo ziwe tamu. Mmea ni mdogo na dhaifu zaidi unapoota. Mpe maji ya mvua kwenye kitalu, lita tano kwa siku zinatosha kitalu cha mita moja mraba, kisha ukishapandikiza na mche ukasimama, mzoeshe maji ya kisima kidogo kidogo. Mwagilia chini kwenye shina, usirushe juu ya majani, maana chumvi ikikaukia kwenye jani huliunguza. Fanya jioni. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi yaliyopondwa, jua lisiuguse. Mara moja moja mwaga mengi kwa pamoja ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Samadi ya punda iache ioze kabisa kwanza. Ikiwa mbichi huunguza, nayo ina chumvi yake.

Na kisima chenyewe kina tabia zake. Kisiwani maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Wewe mtu wa Amu unavijua vilima vya mchanga vya Shela, ndivyo vinavyouhifadhia mji maji yake. Ukivuta mengi kwa pupa, ya chini yenye chumvi hupanda. Chota kidogo asubuhi, kidogo jioni, usikiburuze mpaka chini. Maji ya udhu ya watu 11 yanakwenda wapi? Ya kuoshea mchele? Yakingeni kwenye beseni. Ya kuoshea samaki nayo mmea huyakubali, ila andaa fimbo ya paka.

Ukimdai wifi haki yako ya jabia unaweza kushinda. Unaweza kumwita mume wako, shemeji na mzee wa mtaa, na wakasema kila nyumba ina sehemu yake. Lakini sehemu ya nyumba yenu ikihesabiwa kwa vichwa ni watu wanne kati ya 11, na bustani yako haitapata humo lita 40. Utakuwa umeshinda neno na umepoteza maji. Pengine kuna ombi dogo kuliko haki: lita tano za kitalu, kwa kipimo kinachojulikana, anazokupimia yeye mwenyewe asubuhi anapofungua. Ni vigumu kumwomba mtu aliyekuvunjia heshima, nalijua hilo. Na anaweza kukataa. Ila akikubali, kufuli linakuwa la ua mzima, halikufungii wewe peke yako.

Halafu hujaniambia kama umewahi kumuuliza wifi anataka nini. Unampa mboga bure, na ni wema. Lakini mwanamke mwenye watoto watatu, asiye na kipato, akila mboga ya bure kila siku kutoka kwa mke wa kaka yake, anaweza kushiba na bado akajiona mdogo. Je, angependa tuta lake? Angependa kupeleka mafungu sokoni kwa sehemu ya faida? Kuna hatari yake: ushirika wa pesa na mtu mliyekwisha kutupiana maneno huweza kuvunjika vibaya zaidi, na ukiingia bila makubaliano ya nani anapata nini utaniandikia barua nyingine. Nakuachia uipime.

Tangi nalipenda, nikwambie ukweli, kwa sababu ni ndoto yako mwenyewe na umeichumia. Lakini lipimie nalo. Paa la mita mraba 40 hukinga lita 40 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua moja nzito ya milimita 25 inakaribia kulijaza. Lita 1,000 ukizitumia kwa mtindo wako wa zamani, mitungi miwili kwa siku, zinakwisha kwa siku 25. Ukavu wa kaskazi ni wa miezi. Ukizitumia kwa kitalu tu, lita tano kwa siku, zinakaa zaidi ya miezi sita. Tangi lile lile. Na kuna swali moja gumu kabla hujalivusha: jabia likikauka na tangi lako lina maji, watoto wa wifi wakaja na kopo, utalitia kufuli? Kama jibu ni hapana, na nadhani ni hapana, basi unanunua tangi la ua mzima kwa pesa zako. Huenda hilo ni jambo zuri. Linaweza hata kuyeyusha mengi. Lakini heri ulijue tangu sasa, kuliko kuligundua Februari ukiwa na hasira.

Mashine ya mashua. Katika dini yetu alichochuma mke ni chake, na matumizi ya nyumba yako juu ya mume. Hilo mume wako analijua. Lakini naye anaona mashine mbovu kila akishuka ufukweni, na anaposema "tutakula sote" hadanganyi. Ukimpa, swali ni kama unampa, unamkopesha, au unaingia ubia. Ayatu dayn katika Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni, na haikuwatoa mume na mke. Ukitoa bila kusema ni nini, miezi sita baadaye wewe utasema deni na yeye atasema msaada. Pia muulize fundi, kabla ya yeyote kutoa chochote, kama hizo 16,000 zinamaliza kazi au ni za kuanzia tu. Nusu ya mashine haiendi baharini. Na unapokaa naye, mwambie habari ya unga wa kusi kwa utulivu, na tarehe zake. Anaposema "acha, nitanunua," inawezekana anasikia aibu kwamba bustani ya mkewe ililisha nyumba. Wanaume wetu wengi hulala na aibu hiyo kimya kimya.

Nimeiacha Hindi mwisho kwa sababu ya sentensi moja: "Hili sijamwambia mume wangu." Ardhi ya kule ina nafasi, na soko la mboga la Lamu hutegemea sana Hindi na Mpeketoni. Kwa mkulima ni nafasi ya kweli. Ina gharama zake: nyani na nyati wanaoingia mashambani, usalama ambao hukai ukajua kesho utakuwaje, ekari mbili ambazo si kazi ya mwanamke mmoja mwenye watoto wawili, na mvua ile ile inayochelewa huku huchelewa na kule. Lakini nataka kukuuliza kwa upole: unapoiwaza Hindi usiku, unawaza matuta, au unawaza kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna kufuli wala wifi? Yote mawili yanaruhusiwa. Ila ni safari mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kilimo, na mume anaweza kuipanga nawe, labda hata wewe uende kupanda na kuvuna, mjomba asimamie katikati kwa mgao. Ya pili ni ya kupumua, na kama unahitaji kupumua, wiki mbili kwa mama yako Amu zinaweza kutosha bila ekari wala jembe. Ukiondoka msimu mzima na watoto bila yeye kujua sababu, kijiji kitamtafutia sababu, na hutaipenda.

Sitakuchagulia. Mimi siishi katika ua huo na sitachota maji yake. Ila ungekuwa binti yangu ningekuomba mambo haya yaende kwa utaratibu: kwanza useme na mume wako kabla bamvua halijamchukua, umweleze yote pamoja na Hindi, kisha useme na wifi, mkiwa wawili, watoto wakiwa madrasa, uanze na swali la ile miaka ya ukame kabla ya ombi lolote. Pesa zikae zilipo mpaka mazungumzo hayo mawili yamekwisha. Zimekaa mpaka leo, hazitaoza wiki moja zaidi. Na kama ofisi ya kilimo ya wadi ina afisa anayefika kwenu, mpe maji ya kisima kwenye chupa safi ayapeleke kupimwa chumvi, upande ukijua.

Bamia ngumu usizitupe. Chagua zile za mashina yaliyozaa mapema na kwa wingi, ziache mtini mpaka ganda likauke liwe la kahawia na lianze kupasuka, kisha zipukuchue, zianike mbegu kivulini, uziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko pamoja na jivu kidogo la kuni. Mbegu nzuri ni ya kijivu inayoelekea weusi na haibonyei kwa ukucha. Angalia tu kama jirani amepanda bamia za aina nyingine karibu. Nyuki huchanganya, na mwakani unaweza kupata zisizofanana na za mwaka huu. Usiku wa kabla ya kupanda ziloweke, kwa maji ya jabia, kikombe kimoja kinatosha.